Barabara ipite, lakini bwawa letu libaki



Kila mmoja wetu anataka barabara. Ndizi zinazoiva bila kufika sokoni na mizigo inayobebwa na akina mama kwa mgongo, hayo tunayajua. Lakini barabara, mgodi ao mtambo wa umeme huja na mashine, na mashine haiulizi ndege ametagia wapi. Wa kuuliza ni siye.

Sheria inasema nini?

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira, kifungu cha 21, inaomba kila mradi unaoweza kugusa mazingira ufanyiwe uchunguzi mbele ya kazi kuanza, pamoja na mpango wa kusimamia madhara yake. Kwenye maofisi wanauita EIES. Kifungu cha 24 kinaomba tena wenyeji waulizwe: waelezwe mradi, waonyeshe haki zao juu ya udongo ule, na watoe mawazo yao, hata yale yanayopingana na mradi. Shirika la serikali linaloangalia faili hizo ni ACE.

Kwa nini mkulima ahangaike?

Nyama wa pori anaweza kukimbia mashine. Makao yake hayakimbii: mahali anapokula, anapokunywa na anapozalia. Makao hayo yanatusaidia hata siye. Bwawa la mafunjo linashika maji ya mvua na kuyaachilia pole pole wakati wa kiangazi. Likikauka, bustani za mboga chini yake zinakauka pia. Nyuki wa pori wanasaidia avoka na marakuja kuzaa. Bundi anakula panya wanaomaliza mahindi. Na nyani aliyekatiwa njia yake ya pori atatafuta chakula shambani.

Tena, upande wetu wa mashariki una viumbe ambao hawapatikani kwingine. Gorila wa Grauer anaishi mashariki ya Kongo tu, na okapi wa porini yuko katika nchi yetu peke yake. Barabara ya taifa namba 3, toka Bukavu kwenda Kisangani, inapita ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, penye gorila hao. Barabara haichukui tu upana wake. Inafungua mlango kwa wachoma makala na watega mitego pia. Kwa hiyo uchunguzi usiishie ukingoni mwa barabara.

Hatua nne, kwa mpangilio

Tuseme barabara ya kutoa mazao imepangwa kukata katikati ya bwawa letu.
1. Kuepuka: je, inaweza kuzunguka pembeni?
2. Kupunguza: kama haiwezi, wajenge daraja ao waweke mifereji ya kutosha ili maji yapite, na wasifanye kazi wakati ndege wanatagia.
3. Kurudisha: kazi ikiisha, mafunjo na miti ya kienyeji vipandwe upya.
4. Kulipia: kwa kile kilichopotea kabisa, walinde ao watengeneze makao mengine ya namna ileile.

Mtu akianza na hatua ya nne, mumurudishe kwenye ya kwanza. Miche elfu moja ya mikaratusi hailipi bwawa.

Kooperative ifanye nini?

Wachunguzi hukaa siku chache. Wakija kiangazi, hawataona vyura wala ndege wanaokuja na mvua. Siye tuko pale mwaka mzima, lakini ujuzi wetu usipoandikwa, hauingii katika faili. Basi:
- Chora karatasi ya kijiji: chemchemi, mabwawa, miti ya dawa, mizinga, njia za nyama.
- Andika kila kitu kinaonekana mwezi gani. Majina ya kienyeji yanatosha.
- Uliza wazee, wawindaji wa zamani, na akina mama wanaochota maji na kutafuta kuni. Kila mmoja anajua kona yake.
- Peleka kopi mbili kwenye mkutano. Moja ipigwe muhuri na tarehe, ibaki kwetu.
- Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanaume, wafuate kama ahadi zilizo katika mpango zinatimizwa.

Kusema hivi si kukataa maendeleo. Barabara inayoharibu chemchemi itatufikisha sokoni bila mzigo.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano wenu:
1. Ni mahali gani katika kijiji chetu ambapo, pakiharibika, mashamba yataumia kwanza?
2. Ni mti gani ao nyama gani wazee walikuwa wanamuona, na leo haonekani tena? Kwa sababu gani?
3. Kama wachunguzi wanafika kesho, nani atawaongoza, na atawaonyesha nini?