Ukikwama, Usikanyage Mafuta: Somo la Kulinasua Gari la Foowili

Wanachuo wenzangu, mwaka jana tukiwa fildi ya kufundisha wilayani Pangani, nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Ilikuwa masika, mwezi wa nne. Mwanafunzi wa kidato cha pili alizidiwa na homa, tukaomba gari tumkimbize kituo cha afya. Likapatikana Land Cruiser la zamani, foowili, tukajiona tumeshafika. Kilomita chache mbele, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, likazama. Aliyekuwa anapiga kelele "Kanyaga, dereva! Kanyaga mafuta!" alikuwa mimi.

Dereva akakanyaga. Matairi yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye vioo, na kila alivyokanyaga ndivyo gari lilivyoteremka. Ndani ya dakika kumi difu ya nyuma ilikuwa imelalia tope. Tulitoka pale saa tatu usiku, baada ya masaa matatu ya kuchimba kwa jembe la kuazima na mikono. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini alitetemeka kwenye siti muda wote ule, na mimi najua ni kwa nini tulichelewa.

Niliporudi nyumbani Ngamiani nikaenda kumsimulia mjomba wangu, fundi magari aliyewahi kuendesha magari ya mashamba ya mkonge. Aliniacha nimalize, kisha akasema: "Mpwa wangu, gari halikukosa nguvu. Lilikosa pa kukanyaga. Nyie mkaliongezea nguvu." Haya yanayofuata ni mafunzo yake, nikiongezea hesabu kidogo.

1. Simama, shuka, tazama. Tairi likianza kuzunguka bila gari kusogea, ondoa mguu papo hapo. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye tairi lenye upinzani mdogo. Kwa hiyo tairi lililo kwenye utelezi linazunguka peke yake, na mwenzake aliye pakavu anatulia. Kila mzunguko ni beleshi jingine la udongo unalojichimbia mwenyewe. Shusha abiria, kisha chungulia chini: tumbo la gari limegusa ardhi? Kama mko ufukweni, tuseme Ushongo, angalieni na bahari. Maji hupanda kwa takriban masaa sita, na wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa huku kwetu inazidi mita tatu. Hapo mnashindana na saa.

2. Hakikisha foowili imeingia kweli. Magari mengi ya zamani yana vitasa kwenye magurudumu ya mbele. Visipogeuzwa kwenye LOCK, kuvuta gia ya foowili hakusaidii kitu, matairi ya mbele hayavuti. Weka 4L, na kama gari lina loki ya difu, ifunge. Usukani unyooke.

3. Chimba kabla ya kujaribu tena. Tairi lililo shimoni linatakiwa kupanda mlima. Upunguze huo mlima: chonga mteremko mbele ya kila tairi, upande mnaotaka kutokea, na ondoa udongo wote unaogusa difu na ekseli. Mara nyingi njia rahisi ni kurudi nyuma kwenye alama zenu wenyewe, kwa sababu hapo udongo umeshashindiliwa na mlishapita salama.

4. Punguza upepo. Hapa ndipo mwalimu wa hesabu anafurahi. Chukua gari la kilo 2,000. Kila tairi linabeba kama kilo 500. Upepo wa psi 35 ni sawa na kilo 2.5 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 500 kwa 2.5: tairi linakanyaga kama sentimita 200 za mraba. Shusha upepo mpaka psi 18, yaani kilo 1.25 hivi, na eneo linakuwa kama 400. Ugumu wa tairi lenyewe unabadilisha hesabu kidogo, lakini wazo ndilo hilo: uzito ule ule, unyayo mara mbili. Kwenye mchanga hii pekee inaweza kuwatoa. Usishuke chini ya psi 15 bila sababu kubwa, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Mkitoka, nendeni polepole bila kukata kona kali, na mjaze upepo kabla ya kukimbia barabarani.

5. Lipe tairi pa kukanyaga. Weka jeki juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe badala ya kuinua gari. Zuia matairi mengine kwa mawe. Inua, jaza shimo kwa mawe, matawi, makuti au gunia la mkonge, kisha shusha. Asiingie mtu chini ya gari lililo juu ya jeki, hata kwa sekunde moja. Na gari likianza kutoka, asisimame mtu nyuma ya tairi: ubao ukirushwa unavunja mguu.

6. Winchi, kama ipo. Funga kwenye shina la mti imara, chini kabisa, kwa mkanda mpana usiokata gome. Hakuna mti? Zika tairi la spea kwenye shimo refu la kufika kiunoni, livute hilo. Tupia blanketi zito juu ya waya, kila mtu akae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe, na asiuruke mtu. Waya uliokazwa ukikatika unaua.

Haya si mambo ya kubahatisha. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalipita hapa Tanzania mpaka Burundi, na timu zilizoendesha Land Rover Discovery zilitegemea mabeleshi na winchi kama zilivyotegemea injini. Hiyo Camel ni ngamia; mtoto wa Ngamiani nikajifunza baada ya kuumbuka.

Mtasema barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami. Ni kweli, na tunaifurahia. Lakini shule nyingi tutakazopangiwa hazipo kando ya lami, na masika haisubiri ratiba ya fildi. Tena mwalimu ndiye mtu anayeitwa mtoto akizidiwa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari la kwenda kijijini, msalimie dereva, kisha muulize mambo machache: beleshi liko wapi, ubao wa jeki upo, pampu ya upepo inafanya kazi, tochi na maji ya kunywa vipo? Akikucheka, mwache acheke. Na mkikwama, ukamsikia mtu kwenye siti ya nyuma anapiga kelele "Kanyaga!", mwambie ashuke akachimbe.