Mwizi Anayekuja na Mlango Wake

Muhula uliopita ndugu yangu mdogo, wa miaka minne, alishikwa na homa usiku wa manane. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Nyanya akasema ni degedege, afukizwe majani. Mama hakungoja, alimfunga mgongoni tukaenda hospitali kwa miguu, gizani. Damu ikapimwa: malaria. Alipona, lakini mimi nilibaki na swali. Kimelea cha malaria hakina mikono wala meno. Sasa huingiaje ndani ya seli ya damu?

Swali hili si la mchezo. Seli nyeupe humeza vitu, lakini seli nyekundu haimezi chochote, hata kiini haina. Basi hakuna wa kumfungulia mgeni kutoka ndani. Kazi yote hufanywa na kimelea chenyewe.

Kimelea cha plasmodiamu falsiparamu kikishatoka kwenye ini huigusa seli, kisha hujipindua mpaka ncha yake ielekee ukuta. Kwenye ncha hiyo mna vifuko vilivyojaa protini. Vifuko hufunguka, zikatoka protini za kushikilia. Mojawapo ni RH5, ambayo hung'ang'ania protini ya seli yetu iitwayo basijini. Jambo hili liligunduliwa mwaka wa 2011.

Sasa sikieni ujanja wenyewe. (Hapa mwalimu wa Bayolojia alinichorea ubaoni mara mbili ndipo nikaelewa.) Kimelea hutema protini nyingine, RON2, ambayo hujipachika kwenye ukuta wa seli yetu, kipande chake kikichungulia nje. Kimelea nacho kina protini yake, AMA1, na hiyo ndiyo hushika RON2. Kumbe mwizi huja na kitasa chake, akakigongomea kwenye ukuta wetu, halafu akakishika mwenyewe! Kisha hujivuta ndani kwa aktini na miosini, jamaa za zile zinazokunja misuli yetu. Ukuta hautobolewi, hubonyea tu ukamfunika. Yote hayo huchukua kama dakika moja hivi.

Akiwa ndani hula himoglobini, na baada ya saa 48 hivi seli hupasuka, wakatoka wengine 16 hadi 32. Kabla ya hapo hupeleka protini nje ya seli, ikawa yanata kwenye mishipa midogo. Zikikwama ubongoni, mtoto hupoteza fahamu na kukakamaa. Hata homa kali peke yake huweza kuleta degedege. Kwa vyovyote vile, majani hayafiki huko.

Nilimweleza Nyanya haya tukichambua mboga. Akaniuliza, "Na hicho kitasa kikizibwa?" Nikamwambia chanjo iliyoanza kutolewa hapa Kenya mwaka wa 2019 hupambana na kimelea mapema, kabla hakijafika kwenye damu. Ila chanjo za kuizuia RH5 isishike zimeanza kujaribiwa kwa watu.

"Basi waharakishe," akasema, akaendelea kuchambua.