Shamba la Nabothi

Andiko: 1 Wafalme 21:1-19

Juzi tulipomaliza kuombea Waarmenia, mzee mmoja alinivuta kando: "Pasta, hao watu walikufa miaka zaidi ya 100 iliyopita. Kwa nini Uturuki isikubali tu, yaishe?" Sikumjibu vizuri pale. Acha nijaribu hapa.

Aprili 24, 1915, serikali ya Waothmani ilianza kukamata viongozi na wasomi wa Kiarmenia jijini Istanbul. Kisha familia nzima nzima zilitolewa kwa nyumba zao na kusukumwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Makadirio ya waliokufa huanzia 600,000 hadi milioni 1.5. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya "mali iliyoachwa". Iliyoachwa na nani, jameni? Nyumba, mashamba, maduka, hata makanisa yakapata wenyewe wapya. (Na tusiifanye vita ya dini. Celal Bey, gavana wa Aleppo, Mwislamu, alikataa kuwafukuza, akahamishwa.)

Sasa soma mstari wa 19. Mungu anamtuma Eliya amshtaki Ahabu kwa mambo mawili pamoja, kuua na kumiliki. Mimi nilisomea biashara, na hapo naelewa. Ukikubali deni, lazima uliandike kwa vitabu, na likishaandikwa mwenye kudai atabisha mlango. Tena baadhi ya waliojenga Jamhuri ya Uturuki mwaka 1923 walitoka chama kile kile kilichoendesha mauaji. Utawaambiaje watoto shuleni? Mwandishi Hrant Dink, Mwarmenia wa Istanbul, aliendelea kuliongea jambo hili. Mwaka 2005 alihukumiwa kwa kuwatusi Waturuki, na Januari 2007 akapigwa risasi nje ya ofisi ya gazeti lake.

Lakini wanaonisumbua zaidi ni wale wazee wa mstari wa 8 hadi 11. Walipokea barua ya Yezebeli, wakafanya walivyoambiwa. Hawakupata hata zabibu moja. Walitaka tu wasikosane na ikulu. Marekani ilikaa hapo miaka mingi. Rais Reagan alilitaja neno mauaji ya kimbari mwaka 1981, waliomfuata wakalikwepa. Obama aliahidi akitafuta kura mwaka 2008, akakaa madarakani miaka 8 bila kulitamka. Uturuki ni mwanachama wa NATO, na ndege za Marekani hutumia kambi ya Incirlik. Biden ndiye alilisema, Aprili 24, 2021. Waliookoka jangwani karibu wote walikuwa wameshazikwa.

Mzee wangu, hilo ndilo jibu. Wengine wanakana kwa sababu wanakalia shamba, wengine kwa sababu ni marafiki wa mwenye kulikalia.

Swali la vikundi vya Jumatano: tukija kanisani, kuna ploti tunayopita ambayo sote tunajua ilikuwa ya nani kabla ya 2008?