Umbo si Maana: Uteuzi wa Kihifadhi Tuli kwa Tarakilishi ya Michezo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mtu anayeunda tarakilishi mpya ya michezo anavyopaswa kuteua kifaa cha kuhifadhia data, yaani SSD. Yanashikilia kwamba kosa linaloweza kumgharimu mnunuzi fedha nyingi ni kosa la kisemantiki: kulichukulia umbo la kifaa kuwa ndiyo maana yake.

2.0 Jina na Kirejelewa

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50 zilizozunguka, hivyo neno 'diski' liliafiki kirejelewa chake. SSD haina sahani wala sehemu yoyote inayozunguka. Data huwekwa kama chaji za umeme katika chembe za kumbukumbu aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka wa 1987. Kwa hivyo, tafsiri sisisi 'diski mango' inapotosha, kwani diski yenyewe haipo. Makala haya yanapendekeza istilahi 'kihifadhi tuli'.

3.0 M.2 kama Kitawe

Vihifadhi tuli vingi vya kisasa vina umbo liitwalo M.2: kipande chembamba, aghalabu chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, kinachochomekwa kwenye bodi kuu. Umbo hili ni sawa na kitawe. Neno 'paa' hurejelea mnyama, sehemu ya nyumba au kitendo cha kuruka juu. Muktadha ndio huamua. Vivyo hivyo, kihifadhi cha M.2 kinaweza kutumia itifaki ya SATA, ambayo kasi yake ya kusoma hukomea takriban megabaiti 550 kwa sekunde, au NVMe, ambayo hufikia takriban 3,500 katika kizazi cha 3 cha PCIe na 7,000 katika kizazi cha 4. Isitoshe, tundu la bodi kuu likikubali itifaki moja tu, kihifadhi cha itifaki nyingine hakitatambuliwa hata kikiingia barabara.

4.0 Vigezo vya Uteuzi

Kwanza, mnunuzi asome maelezo ya bodi kuu, kisha aoanishe itifaki na kizazi.

Pili, azingatie ujazo. Mchezo wa Starfield, uliotolewa mwaka wa 2023, unahitaji gigabaiti 125 na unataja SSD kuwa sharti. Michezo mitatu ya kiwango hicho pamoja na mfumo endeshi hukaribia kujaza gigabaiti 500. Terabaiti 1 ni chaguo la busara zaidi.

Tatu, achunguze aina ya chembe. TLC huweka biti 3 katika kila chembe, nayo QLC huweka 4. QLC ni nafuu, lakini aghalabu huchakaa mapema na hupoteza kasi inapoandikiwa data nyingi mfululizo.

Nne, asitarajie yasiyowezekana. Kihifadhi hupunguza muda wa kusubiri mchezo ufunguke. Idadi ya picha kwa sekunde hutegemea hasa kadi ya michoro na prosesa. Kuhama kutoka diski ngumu hadi kihifadhi tuli huonekana waziwazi, ilhali tofauti kati ya kasi ya 3,500 na ya 7,000 ni ndogo katika michezo mingi. Fedha za ziada zitafaa zaidi kwenye kadi ya michoro.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tarakimu kubwa kwenye kasha ni matembezi. Itifaki, ujazo na aina ya chembe ndivyo vinavyobainisha ubora. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi za kiteknolojia zinapaswa kutenganisha umbo na utendaji. Pale ambapo jina moja hubeba yote mawili, mzungumzaji wa kawaida hulipia utata huo kwa fedha zake.