Kuingia Udaktari Uingereza kwa Mwaka wa Msingi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kijana aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili jijini London, Leicester au Manchester, akasoma shule ya serikali ya mtaani kwao na kula chakula cha bure shuleni, amewekewa njia yake ya kuingia shule ya udaktari. Familia nyingi hazijawahi kuisikia. Ni shahada ya udaktari yenye mwaka wa msingi. Kwa kawaida huchukua miaka sita badala ya mitano, alama za kuingilia zimepunguzwa, na mwaka wa kwanza ni wa kuimarisha sayansi na stadi za kusoma chuoni.

King's College London ilianza programu yake mwaka 2001, Southampton ikafuata 2002, na leo vyuo vingi vina ya kwao. Ripoti ya Medical Schools Council ya mwaka 2014 ilionyesha kwa nini zinahitajika. Kwa miaka mitatu mfululizo, nusu ya shule za sekondari za Uingereza hazikutoa hata mwombaji mmoja wa udaktari, huku asilimia 80 ya waombaji wakitoka asilimia 20 tu ya shule. Watoto wenye akili wako katika kila shule. Watu wa kuwaonyesha njia ndio hawako kila shule.

Tuelewane mapema: huu si msaada wa huruma. Anayepita njia hii hufanya mitihani ileile ya udaktari, hupata shahada ileile, na husajiliwa na General Medical Council kama wenzake wote. Wengi wanaoikosa huikosa kwenye makaratasi na kalenda, hata kabla alama zao hazijatazamwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza miaka miwili kabla ya chuo.

Hatua ya 1: Tofautisha aina za mwaka wa msingi

Ziko aina mbili. Ya kwanza, ambayo vyuo vingi huiita Gateway, ni ya kijana aliyesoma sayansi katika mazingira magumu. Ya pili ni ya aliyefaulu sana A-level lakini hakuchukua sayansi za kutosha. Huyo hutakiwa alama za juu, mara nyingi A tatu. Ukiichanganya ya kwanza na ya pili, ombi linakataliwa hata kama wewe ni hodari.

Angalia pia namba ya kozi. Ukiandika A101 kwa King's, unaomba programu ya kupanua nafasi. Ukiandika A101 kwa Warwick, unaomba kozi ya watu ambao tayari wana shahada. Kila chuo kina namba zake, basi soma jina kamili la kozi kabla ya kuijaza.

Jihadhari na mawakala wanaouza mwaka wa msingi kwa wanafunzi walio nje ya Uingereza. Programu za Gateway kwa kawaida hupokea tu wenye hadhi ya ada ya wakaazi. Binamu yako aliyeko Dar es Salaam, Goma au Mombasa akiuziwa mwaka wa msingi, aulize jambo moja, na ajibiwe kwa maandishi: je, nikifaulu, nimehakikishiwa kiti cha udaktari, na katika chuo gani?

Hatua ya 2: Hakiki hadhi ya ada kabla ya mengine yote

Fanya hivi ukiwa Mwaka wa 12, ungali na muda wa kurekebisha. Kwa England, mambo yako hivi:

- Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu kwa kawaida huhitaji kuwa ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza.
- Aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi hasubiri miaka hiyo mitatu.
- Mwenye kibali cha muda anaweza kupata mkopo akitimiza kanuni ya ukaazi mrefu: aliye chini ya miaka 18 awe ameishi Uingereza miaka saba, aliyefikisha 18 awe ameishi nusu ya umri wake au miaka 20. Juu ya hapo, awe na miaka mitatu ya kuishi kihalali kabla ya kozi. Kanuni hii ilizaliwa na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015 katika kesi ya Beaurish Tigere, binti mzaliwa wa Zambia aliyenyimwa mkopo licha ya kukulia Uingereza.
- Mwomba hifadhi ambaye bado hajajibiwa hapati mkopo wa serikali. Atafute vyuo vyenye ufadhili wa wakimbizi na waomba hifadhi, na aulize kama unahusu udaktari.

Mzazi, toa karatasi zote: vibali vya zamani, barua za Wizara ya Mambo ya Ndani, tarehe za kuingia nchini. Kibali kikikaribia kuisha, anza kukihuisha mapema, maana pengo la wiki chache linaweza kukatiza miaka ya ukaazi iliyohesabiwa.

Hatua ya 3: Fungua faili la ushahidi

Kila chuo kina orodha yake ya vigezo. Vinavyojirudia ni hivi: chakula cha bure shuleni au msaada wa fedha wa umri wa miaka 16 hadi 19; posikodi ya eneo ambalo vijana wachache huenda chuo; shule yenye matokeo ya chini ya wastani; kulelewa chini ya halmashauri; kumtunza mgonjwa nyumbani; kuwa mkimbizi; na kuwa wa kwanza katika familia kwenda chuo.

Kigezo hicho cha mwisho kinahitaji macho. Kama baba alisoma Lubumbashi au Makerere lakini hapa anafanya kazi ya ghala, soma maelezo ya chuo husika uone kama shahada ya nje inahesabiwa. Usikisie wala usifiche. Piga simu ofisi ya udahili uulize.

Shule ikuandikie barua ya kuthibitisha chakula cha bure ungali mwanafunzi wao. Ukisubiri hadi chuo kikuombe, utakuta ofisi ya shule imefungwa kwa likizo.

Hatua ya 4: Chagua masomo kwa jicho la mbele

Vyuo vingi hutaka Baiolojia na Kemia katika A-level. Anayeacha Kemia akiwa na miaka 16 kwa sababu ni ngumu hujifungia programu nyingi bila kujua. Kozi ya kawaida hudai A tatu au zaidi. Gateway nyingi hudai kati ya A moja na B mbili, hadi B mbili na C moja. GCSE nazo zina kiwango chake cha chini, hasa Hisabati, Kiingereza na sayansi, na hakilingani chuo kwa chuo. Yaandike yote kwenye jedwali moja.

Hatua ya 5: Hudumia watu, kisha tafakari

Huna mjomba daktari wa kukuingiza hospitali, na huhitaji kuwa naye. Kazi ya Jumamosi katika nyumba ya wazee, kujitolea kwenye ghala la chakula cha msaada, au kumtunza bibi mwenye kisukari nyumbani, vyote vina uzito. Kwa kuona kazi ya daktari wa mtaani, Royal College of General Practitioners ina programu ya video iitwayo Observe GP, ya bure kwa wenye miaka 16 na zaidi.

Kila ukitoka huko, andika mistari mitatu: niliona nini, nilihisi nini, nilijifunza nini kuhusu kazi hii. Daftari hilo ndilo litakalokulisha katika fomu na katika usaili.

Hatua ya 6: Fanya UCAT majira ya joto

Mtihani huu wa uwezo wa kufikiri hufanywa kati ya Julai na mwishoni mwa Septemba, mara moja tu kwa mwaka. Vitabu vya zamani vina sehemu ya kutambua maumbo. Sehemu hiyo iliondolewa mwaka 2025, basi usiipotezee muda. Maswali rasmi ya mazoezi yako bure kwenye tovuti ya UCAT. Aliye na chakula cha bure au msaada unaofanana na huo aombe msamaha wa ada ya mtihani mapema. Matokeo utayapata kabla ya kuomba chuo, nayo yakuongoze kuchagua.

Hatua ya 7: Jaza UCAS kabla ya Oktoba 15

Mwisho wa kuomba udaktari kupitia UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo, ni Oktoba 15 saa kumi na mbili jioni, kama miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho ya kozi nyingine nyingi. Shule yako itakuwa na tarehe yake ya ndani iliyo mapema zaidi. Una nafasi nne za udaktari na ya tano kwa kozi nyingine. Usizijaze zote nne kwa Gateway kama alama zako zinafikia kozi ya kawaida yenye punguzo la alama. Changanya kwa busara.

Maelezo binafsi sasa ni majibu ya maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yamekuandaaje, na nini kingine kimekuandaa nje ya darasa. Mwalimu anayeandika barua ya kukupendekeza mpe ukurasa mmoja wa hali yako ya nyumbani. Hawezi kuandika asichokijua.

Hatua ya 8: Jiandae kwa usaili wa vituo

Utazunguka vituo vifupi, dakika chache kila kimoja. Chukua mfano huu: mama hajui Kiingereza vizuri, amekuja na binti yake wa miaka 14 amtafsirie, na daktari ana matokeo mabaya ya kumweleza. Ungefanya nini?

Kisa hiki wengi wetu tunakijua, pengine ndiwe uliyekaa kwenye kiti cha binti huyo. Jibu zito linapitia mambo manne. Mtoto hapaswi kuubeba mzigo wa habari hiyo. Mama anaweza kuficha dalili mbele ya mwanawe. Neno moja likikosewa, dozi inaweza kukosewa. Kwa hiyo aitwe mkalimani wa NHS, hata kwa simu, na binti aelezwe kwa upole sababu, asijione amefukuzwa. Wasaili wanataka kusikia unavyopima, basi sema hoja zako kwa sauti.

Hatua ya 9: Panga fedha kabla ya Agosti

Mkopo wa ada na wa kujikimu huombwa majira ya machipuko. Hakikisha mwaka wa msingi ni sehemu ya shahada yenyewe, kwa sababu mwaka unaosimama peke yake unaweza kukosa mkopo. Kwa anayesoma England na kutimiza masharti, kuanzia mwaka wa tano NHS hulipa ada.

Familia za Kiislamu zinazokwepa riba zizungumze na mwanachuoni wao mwanzoni mwa Mwaka wa 13. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mfumo mbadala usio na riba, lakini haujafunguliwa. Kwa sasa angalieni ruzuku za vyuo na misaada isiyorudishwa.

Hatua ya 10: Ukiingia, soma kama uliyeingia

Wanaofaulu mwaka wa msingi kwa kiwango kilichowekwa huendelea moja kwa moja. Kijue kiwango hicho wiki ya kwanza. Mlezi wa masomo amewekwa kwa ajili yako, basi mwone kabla hujafeli.

Na ukikosa? Omba maoni ya chuo, tazama kama UCAT au usaili ndio uliokuangusha, na uombe tena baada ya kukagua kama chuo kinapokea waombaji wa mara ya pili. Kuna pia kozi ya miaka minne kwa wenye shahada. Kijana akifika mwisho, kliniki moja ya Uingereza itakuwa na daktari anayemwelewa bibi anaposema kifua kinambana. Kwa hilo, inafaa familia nzima ikae mezani jioni moja wiki hii na kufungua faili.