Dondoo muhimu: Namba ya injini iko wapi?
Namba ya injini hupigwa kwenye chuma cha bloku yenyewe, mara nyingi pale bloku inapoungana na giaboksi au chini kidogo ya silinda hedi. Kibati kilichomo ndani ya boneti ya Toyota nyingi kutoka Japani huwapotosha wengi: huonyesha aina ya injini, mathalani 1NZ-FE, pamoja na namba ya chasisi, lakini si namba ya injini. Injini ikishapoa, oili na vumbi vilivyogandamana hufutwa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha tochi humulikwa kutoka ubavuni ili tarakimu zijitokeze. Msasa haufai kabisa, kwani namba iliyokwanguliwa huzua maswali. Namba iliyopatikana hulinganishwa na ya kwenye kadi ya gari, herufi na tarakimu zote. Injini iliyobadilishwa hujulikana hapo.