Kumuheshimu mufua chuma wetu: tuanze na deni, diplome ije nyuma



Mwezi uliopita, komite ya koperative moja yenye ninasindikiza iliniomba niwasaidie kuandika maneno ya diplome. Walipenda kumupa mufua chuma wao mbele ya mukutano mukubwa, pamoja na mbuzi moja. Wazo lilikuwa muzuri. Ule muzee anatengenezea kijiji majembe tangu miaka mingi. Wakati watu walikimbia vita na kurudia mikono mitupu, yeye ndiye aliwasha moto wa kwanza, akatoa majembe kwa deni kusudi watu wapande.

Nikaenda kwenye atelie yake kumuuliza mambo ya kuandika. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaingia ndani na kutoka na kaye ya masomo. Akaniambia: "Agronome, anza kusoma hii." Ndani kulikuwa majina ya wanamemba, ukurasa kwa ukurasa: majembe, mipanga, visu, mishipini ya jembe yenye alinyoosha. Majina ingine yalikuwa ya watu wa komite wenyewe.

Akaongeza neno lingine. Watu wa kariere wanakuja kila juma kununua nyundo, tindo na sululu, na wanalipa palepale. Kijana mwenye anafundisha kazi amekwisha kumuomba wahamie kule. "Mbuzi tutakula siku mbili," akasema. "Makala nitanunua na nini?"

Njo maana somo la mwezi huu si juu ya mbegu wala mbolea. Ni juu ya ule mutu mwenye anatutengenezea chombo cha kuingiza mbegu katika udongo.

1. Kazi yake inatusaidia nini?

Jembe ya bei ndogo ya soko mara nyingi ni ya chuma nyembamba. Ikigonga jiwe inapinda. Mufua chuma muzuri anatafuta lame ya resore ya kamiyo ya zamani, kwa sababu chuma ile inakubali kukomazwa. Anaipasha moto paka iwe nyekundu, anaipiga, kiisha anaichovya katika maji ao mafuta ili iwe ngumu. Lakini ikiwa ngumu kupita kiasi, itavunjika. Kwa hiyo anairudisha kwenye moto kidogo na kuangalia rangi yake. Kile kipimo hakiko katika kitabu chenye sisi walimaji tunasoma. Kiko katika macho yake.

Tena, yeye anajua mashamba yetu. Kwenye mawe ya volkano unamuomba jembe fupi na nene. Bondeni kwenye udongo laini, jembe pana. Mama mwenye anachoka na jembe nzito anatengenezewa ya kadiri yake. Na jembe ikiisha, anaongeza chuma mupya mbele. Muuzaji wa soko hawezi kukufanyia vile.

Sasa tufikirie mwezi wa 9, wakati wa kupanda musimu A. Jembe inavunjika siku ya pili ya mvua. Kama mufua chuma yuko, kesho unarudi shambani. Kama amehama, unatafuta feza, unangojea siku ya soko, na mvua haikungojei. Maharagi yenye ilipandwa kwa kuchelewa inaweza kukosa maji wakati wa kutoa maua. Hasara ile hatuiandikagi popote, lakini iko.

2. Je, hii ni kazi ya koperative?

Ndiyo. Kanuni ya 7 ya koperative, kati ya zile zenye Muungano wa Koperative wa Kimataifa ulikubali katika mwaka wa 1995, inasema koperative ijali jamii yenye iko ndani yake. Mufua chuma ni sehemu ya jamii ile, hata kama si mwanamemba. Tena yeye ni mwenye biashara sawa sisi: ananunua makala, ananunua chuma, anamulisha mwanafunzi wake.

Kusifu mbele ya watu si vibaya. Goma kuko sanamu ya rangi ya zahabu ya mutu na chukudu yake, na kila mutu mwenye anapita anaelewa kwamba kazi ya mikono ina heshima. Lakini chukudu haitengenezwe na sanamu. Inatengenezwa na fundi mwenye alipata feza ya kununua mbao.

3. Namna ya kumuheshimu vizuri

*Kwanza, deni.* Komite ikae na yeye, isome kaye pamoja naye, bila kuhaibisha mutu mbele ya wengine. Watu wa komite walipe wa kwanza. Mwenye hana feza sasa asaini kwamba koperative itakata deni ile wakati wa kuuzisha mavuno yake.

*Pili, komande ya mbele.* Tuandike vyombo vyenye tunahitaji katika mwezi wa 7 kwa musimu A, na mwezi wa 12 kwa musimu B. Tumupe nusu ya bei mapema. Na ile nusu atanunua chuma na makala mbele ya kazi kuwa mingi.

*Tatu, chuma na miti.* Kila familia ilete vipande vya chuma vyenye viko nyumbani. Tupande miti ya kukua haraka kwenye milima yenye hailimwe, mbali na chemchemi, kusudi makala yake isitoke katika Parke.

*Ine, mwanafunzi.* Koperative ichague kijana, mwanaume ao mwanamuke, na kusaidia chakula chake wakati wa kujifunza. Siku muzee atachoka, moto usizimike naye.

*Tano, sherehe.* Sasa diplome na mbuzi vina maana. Katika diplome tusiandike tu "mutu wa muzuri." Tuandike kazi yenye alifanya. Na siku ile, tumupe yeye pia nafasi ya kusema.

Ilikwisha namna gani?

Haijaisha. Niliporudisha habari, komite ilinyamaza kwa muda murefu. Kiisha prezida alisimama na kusema jina lake ni la tatu katika kaye. Alilipa kesho yake. Wengine walifuata, wengine bado. Sherehe imesogezwa nyuma ya mavuno. Juma lililopita nilipita pale kwenye njia: kijana alikuwa angali anapuliza moto, na muzee alikuwa anapiga lame ya resore. Kariere ingali inamuita.

Maulizo ya kuzungumuzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mufundi gani akihama leo, mashamba yetu yatateseka?
2. Je, tuko na deni kwake? Nani ataanza kulipa, na tarehe gani?
3. Vyombo gani tutakomanda pamoja kwa musimu wenye unakuja?
4. Kijana gani anaweza kujifunza kazi ile, na koperative itamusaidia na nini?

Sekretere aandike majibu katika kaye ya koperative. Tutayasoma pamoja nikipita kwenu.